Mabano ya Shangazi

Ko, ko, ko.

Mara tatu maana yake njoo. Mara mbili ni ndiyo, mara moja ni hapana, na kijiko kikigongwa mfululizo bila hesabu, hilo ni tusi, na mwenye kutukanwa anajijua. Nilikuwa chumbani kwangu nikivua shati la kazini. Nikatoka na kumkuta Shangazi ameketi mezani, glasi tupu mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia, na mbele yake ubao mweupe mdogo kama sinia. Kwa siku tisa ubao ule ndio uliokuwa mdomo wake.

Daktari aliyempasua koo alimpa sharti moja: miezi mitatu bila kusema, hata kwa kunong'ona. Shangazi, ambaye kwa miaka kumi na minne aliishi kwa kusema, alilishika sharti hilo kwa ukali uleule aliowatishia wanafunzi wake. Hakunong'ona. Aligonga.

Ubaoni alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: WANANIPELEKA STOO.

"Stoo ya mashuka," binti yake, yaani binamu yangu, akaongeza kutoka kwenye cherehani, pini mbili zikiwa midomoni. "Barua imekuja leo. Isome mwenyewe kaka, maana ukisomewa utasema tumetia chumvi."

Niliisoma. Ilitoka kwa mkuu wa mafunzo wa hospitali tuliyofanyia kazi sote wawili, Shangazi kwenye chumba cha kutakasia vifaa, mimi kwenye ofisi ya kumbukumbu. Barua ilisema kozi ya mashine ya mvuke ingeanza mwanzoni mwa mwezi na wanagenzi kumi na wawili. Ilisema mwalimu asiyeweza kusema hawezi kuongoza kozi. Kwa hiyo, ama kozi iwe na kitabu kamili, ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma na kufundisha, ama ikabidhiwe mkufunzi wa kukodiwa, na Shangazi ahamishiwe stoo ya mashuka mpaka atakapostaafu. Kitabu kingejaribiwa mbele ya kamati siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kustaafu kwake kulibaki miaka sita. Miaka sita ya kuhesabu mashuka.

"Huyo mkuu ameniambia uso kwa uso," binamu alisema. "Nilipompelekea ruhusa ya daktari ya Mama. Ati mwalimu asiye na sauti ni redio isiyo na betri. Nikamwambia, redio yetu ikipata betri utaomba ipunguzwe sauti."

Ko, ko, akagonga Shangazi. Ndiyo.

"Kitabu kipo," nikasema. "Kipo tayari. Hakijatolewa tu."

Nilijua nilichokuwa nikikisema. Kozi ya Shangazi ilikuwa faili moja la slaidi tisini na sita, na ukizitazama ukutani ungedhani ni kazi ya mvivu. Kila slaidi ilikuwa picha moja na neno moja. Mlango. Geji. Koleo. Vali. Lakini chini ya kila slaidi, kwenye kile kisanduku cha maelezo ambacho msemaji hukiona na wasikilizaji hawakioni, alikuwa ameandika kila atakachosema, kwa vidole viwili, mwaka baada ya mwaka. Kitabu kizima kilikuwa kimelala chini ya picha.

Mkuu wa mafunzo alikuwa amemwambia karani wake akinakili kwa mkono, slaidi moja moja. Karani alikadiria wiki mbili. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Nipe mpaka kesho saa sita," nikamwambia Shangazi.

"Huyu naye," binamu akasema. "Hata chai hajanywa, keshashinda vita."

Mambo ya kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye ofisi ya kumbukumbu, katikati ya makabati ya chuma na feni inayozunguka kwa kulalamika, kwa kukataa kufanya kwa mikono mara mia jambo ambalo mashine inaweza kufanya mara moja. Makro ni hivyo tu: unaiandikia kompyuta amri kwa mfuatano, kisha unakaa pembeni. Yangu ilikuwa fupi. Nenda slaidi ya kwanza. Tazama kisanduku kilicho chini yake. Kama kina maneno, yachukue. Kama hakina, andika namba ya slaidi peke yake. Bandika picha, weka maneno chini ya picha, fungua ukurasa mpya. Nenda slaidi inayofuata. Zikiisha, simama.

Mara ya kwanza ilikwama slaidi ya kumi na mbili, kwa sababu pale Shangazi aliwahi kukifuta kile kisanduku na kukichora upya, na makro ilikitafuta mahali ambapo hakikuwapo tena. Nikairekebisha ikitafute popote kilipo. Mara ya pili ilikwenda mpaka mwisho. Sekunde kumi na moja. Wiki mbili za karani, sekunde kumi na moja. Sikumwambia mtu, lakini nilisimama, nikazunguka meza yangu, nikakaa tena.

Kisha nikaanza kusoma, na ndipo nilipoyaona mabano.

Yalikuwa kila mahali. (Kunywa maji.) (Waulize kama wamekula.) (Mtazame anayesinzia, usiseme kitu.) (Wacheke kwanza.) (Hapa yule mnene huuliza swali, kila mwaka yuko mmoja.) Kwenye slaidi ya sitini na moja, chini ya picha ya geji, kulikuwa na amri mbili za kazi, na katikati yake neno moja ndani ya mabano: (sofa).

Nililijua neno lile. Kila mgeni aliyewahi kuketi nyumbani kwetu alisimuliwa habari ya sofa ya shemeji yake Shangazi. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi hata masikio yangu yalikuwa hayaipokei tena. Na sasa nagundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiwasimulia wanagenzi, kazini, mbele ya mashine! Aibu ikanishika. Nikaiona kamati, nikamwona mkuu wa mafunzo akisoma kwa sauti: mtazame anayesinzia. Nikaona anavyocheka.

Nikaongeza mstari mmoja kwenye makro. Popote utakapokuta bano la kufungua, futa mpaka bano la kufunga.

Mabano mia moja arobaini na matatu yaliondoka kwa pigo moja. Kilichobaki kilikuwa safi, kimenyooka, kimevaa tai. Nikachapa nakala tatu, nikazibana kwa uzi wa plastiki, jalada gumu la bluu.

Jumatano jioni Shangazi alikifungua mezani. Alisoma polepole, akilowesha kidole, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika wa sitini na moja aliacha kufunua. Akaniangalia. Akachukua kijiko.

Ko.

"Shangazi, hiki ni kitabu cha kazi. Hiki si sebule."

Aliandika ubaoni: RUDISHA.

"Sawa, Shangazi."

Nilisema sawa, na nilipolisema nilikuwa nimeshaamua. Nakala zilikuwa zimekwisha kubanwa. Kamati ilikuwa ya kesho. Na kusema kweli, hata kama ningekuwa na wiki nzima nisingerudisha. Nilidhani namwokoa na aibu. Nilidhani naona mbali kuliko yeye.

Chumba cha kutakasia vifaa kina vigae vyeupe mpaka kiunoni, na juu yake rangi ya kijani iliyobabuka kwa unyevu. Mashine imesimama ukutani kama jiko la waokaji: mwili wa chuma, mlango wa duara, usukani wa kuufungia katikati ya mlango, na juu ya mlango geji yenye mshale mwekundu. Ni ya zamani. Mashine mpya hujifunga zenyewe mpaka mvuke utoke wote. Hii inamtegemea aliyeshika usukani.

Kamati ilikuwa watu watatu. Mkuu wa mafunzo, mwembamba, kalamu tatu mfukoni. Mkuu wa wauguzi, mama aliyekaa kitini kana kwamba kiti kimepewa heshima. Na fundi wa mashine za hospitali, aliyesimama mlangoni kwa sababu viatu vyake vilikuwa na mafuta. Shangazi alikaa pembeni, karibu na kitoroli cha vifaa, kijiko mapajani. Mimi nilisimama nyuma yake.

Wa kujaribiwa alikuwa mwanagenzi mpya aliyekuwa hajawahi kuigusa mashine. Wenzake walimwita Twiga, kwa urefu wake, naye aliitika bila kununa.

"Utasoma na kufanya," mkuu wa mafunzo akamwambia. "Usimwulize mtu. Kitabu ndicho mwalimu."

Twiga akasoma. Sauti yake ilitetemeka kidogo kwenye ukurasa wa kwanza, ikatulia kwenye wa tatu. Alipanga makasi na koleo, alifunga vitambaa, alifunga mlango, aliongeza presha, alisubiri muda wa kutakasa. Kwa dakika arobaini kitabu changu kilisema naye alitenda, na mkuu wa mafunzo aliandika alama zake bila kuinua uso. Mimi nilianza kutabasamu.

Ukurasa wa sitini na moja. Twiga akasoma: "Fungua vali ya kutolea mvuke. Subiri mshale ufike sifuri. Ukifika, zungusha usukani."

Akafungua vali. Mvuke ukaanza kutoka nje kwa bomba, ukivuma. Twiga akasimama.

Mshale ulikuwa ukishuka, lakini kwa mwendo wa kivuli: ukiutazama hauendi. Nusu dakika ikapita. Mkuu wa mafunzo akatazama saa yake. Mkuu wa wauguzi akakohoa. Twiga alihisi macho yote mgongoni, nililiona hilo kwenye mabega yake. Akautazama mshale, akatazama kitabu, akafunua ukurasa wa mbele ili ajue kinachofuata. Palikuwa na picha ya mlango ulio wazi. Dakika mbili. Akaweka kitabu juu ya meza. Akaweka mkono mmoja juu ya usukani, kujiandaa tu. Dakika tatu. Mshale ulikuwa umebaki upana wa ukucha kufika sifuri. Kwa pale alipokuwa amesimama, na kwa woga aliokuwa nao, ukucha ule haukuonekana.

Akazungusha.

Shangazi alikigonga kile kitoroli cha chuma kwa kijiko, mfululizo, kwa nguvu zake zote, mpaka makasi yakaruka. Twiga alishtuka akarudi nyuma hatua mbili, na papo hapo mvuke ukachomoka kwenye ukingo wa mlango, mweupe, wenye sauti ya kitambaa kinachochanwa, ukapita mahali ambapo kifundo cha mkono wake kilikuwa.

Hakuna aliyeungua. Glavu yake ilianguka sakafuni, na sote tukaitazama glavu.

"Kitabu kimemwambia asubiri," mkuu wa mafunzo akasema hatimaye.

"Kimemwambia," fundi akajibu kutoka mlangoni. "Na amesubiri. Lakini mtu akisimama mbele ya mlango hana la kufanya, mkono unajitafutia kazi." Akaingia ndani na viatu vyake vya mafuta, akakichukua kitabu, akasoma ule ukurasa, akaugeuza, akausoma tena. "Sofa iko wapi?"

"Sofa gani?" mkuu wa mafunzo akauliza.

"Bosi, mimi nimefundishwa hapa na huyu mama. Miaka kumi na miwili sasa. Hapa palikuwa na sofa."

Mkuu wa wauguzi akamgeukia fundi kama anayemtazama mgonjwa wa homa. Shangazi hakugeuka kunitazama. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakugeuka. Angeweza kuandika jina langu ubaoni na angekuwa na haki.

"Niliitoa mimi," nikasema. "Makosa si ya kitabu chake. Aliniambia niirudishe, sikuirudisha."

"Kijana," mkuu wa mafunzo akasema, "mimi hata sijui unazungumzia nini."

"Basi na wewe utafundishwa," mkuu wa wauguzi akasema na kusimama. "Wape hadi Jumatatu. Kama ni ukurasa umepotea, wautafute. Lakini mama, Jumatatu ikiharibika, mimi sitakuwa na la kukutetea. Utahesabu mashuka."

Ko, ko. Shangazi akainua ubao wake na kuondoka.

Jumamosi asubuhi nilifungua makro mezani nyumbani. Ule mstari wa kufuta mabano sikuufuta. Niliuwekea alama ndogo mbele, alama moja kama ukope, na kompyuta ikiiona alama hiyo huuruka mstari mzima. Niliubakiza pale ulale, niuone kila nitakapofungua. Nikaiendesha upya. Sekunde kumi na moja, na mabano mia moja arobaini na matatu yakarudi kila moja mahali pake.

Nikaenda slaidi ya sitini na moja. Neno lilikuwepo. (Sofa.) Herufi nne, basi.

Makro hutoa kilichoandikwa. Habari yenyewe ya sofa haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa kooni mwa Shangazi, na koo lilikuwa limefungwa kwa nyuzi.

"Isimulie wewe," binamu akaniambia, huku akipima kitambaa. "Si umeisikia tangu hujaota meno?"

Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Akaishusha saa ya ukutani, akaiegemeza kwenye jagi la maji ili tuione sote, akashika kijiko.

Nikasimulia. Shemeji yake Shangazi alinunua sofa, akaipandisha ghorofa ya nne, haikuingia mlangoni, seremala akabomoa fremu, ikaingia.

Ko. Saa ilionyesha sekunde hamsini.

"Umeitia kwenye ambulensi?" binamu akauliza. "Sofa ya watu watatu hiyo, kaka. Ina uzito."

Nikaanza tena, nikaongeza wabebaji wawili na ngazi. Dakika moja na nusu. Ko.

"Kwani ni lazima iwe ndefu, Shangazi? Mwisho si ndio uleule?"

Aliweka kijiko chini. Akafuta ubao kwa mkono wake, akachora ngazi upande wa kushoto, ghorofa nne. Upande wa kulia akachora geji na mshale, mara nne, kila mmoja umeshuka kuliko wa juu yake. Kisha akavuta mstari kutoka kila ghorofa hadi kila geji. Sofa ghorofa ya kwanza, mshale hapa. Sofa ghorofa ya pili, mshale hapa. Sofa ikipanda, mshale unashuka. Alipomaliza akakunja mkono wa gauni lake mpaka kiwiko.

Lile kovu nililijua tangu utotoni. Lilikuwa la rangi ya maziwa, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, na nyumbani tuliambiwa ni birika la chai. Akaandika chini ya mchoro: MWANAGENZI WANGU WA KWANZA. NILIMWAMBIA ASUBIRI. NILIMVUTA.

Binamu aliacha cherehani.

"Mama. Si ulisema chai?"

Ko.

Shangazi akafuta ubao, akaandika tena: ANAYECHEKA HASHIKI MLANGO.

Kisha nikavuta kompyuta karibu, nikafungua kile kisanduku chini ya geji, nikasema, "Tuanze dukani."

Ilituchukua mchana mzima. Nilisimulia kipande, nikaandika, nikamsomea, naye akagonga. Ko, hapana: wabebaji walikuwa wawili, na mmoja alikuwa na jipu mahali pa kukalia. Ko, ko: ndiyo, kwenye ghorofa ya kwanza walikutana na mwenye nyumba, akataka kujua kama sofa italipiwa kodi ya mpangaji. Ghorofa ya pili sofa ilikwama kwenye kona, na shemeji, badala ya kusaidia, alipanda juu yake ili aone vizuri. Binamu alikumbuka yule bibi wa ghorofa ya tatu aliyeomba, kwa kuwa sofa imesimama mlangoni kwake, aikalie mpaka wabebaji wapumue, akaenda kuleta na ufumaji wake. Mimi nilikuwa nimemsahau kabisa yule bibi. Ghorofa ya nne, sofa haikuingia mlangoni. Shemeji akamwita seremala, seremala akang'oa mlango, akang'oa fremu, akaondoa na matofali mawili. Sofa ikaingia. Seremala akarudisha matofali, fremu, mlango, akapaka na rangi. Kesho yake asubuhi, hodi. Mtu wa dukani. Samahani mzee, tumekuletea sofa isiyo yako. Shemeji akafungua mlango wote, akasogea pembeni, akasema, "Ichukue."

Tulipoisoma yote kwa mwendo wa kawaida, saa ilionyesha dakika nne na sekunde kumi. Shangazi alikuwa amejishika koo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akicheka bila sauti.

Jumatatu chumba kilikuwa kilekile, watu walewale. Twiga alikuwa na glavu mpya. Mkuu wa mafunzo alikaa mbali zaidi na mlango wa mashine.

Ukurasa wa sitini na moja sasa ulikuwa kurasa tatu. "Fungua vali ya kutolea mvuke," Twiga akasoma. Akafungua. "Mshale ukianza kushuka, shika kitabu kwa mikono miwili, wageukie wenzako, uwasomee." Akatugeukia, kitabu mikononi. Akaanza kwa sauti ya kusoma tangazo: kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyenunua sofa. Mvuke ulivuma. Kwenye jipu la mbebaji alisita, akatazama kamati kama anayeomba ruhusa, akaendelea. Kwenye ghorofa ya pili fundi alikuwa akitabiri maneno kwa midomo. Kwenye ghorofa ya tatu mkuu wa wauguzi alisema, "Huyu bibi nani kamzaa?" akacheka cheko moja kubwa, kisha akashindwa kuliacha. Twiga naye akashindwa. Ilibidi akishike kitabu kifuani kabla ya kuendelea.

Nilimwangalia mkuu wa mafunzo. Hakuwa akitazama saa. Hakuwa akitazama mshale.

"Ichukue," Twiga akamaliza. Akageuka. Mshale ulikuwa umelala juu ya sifuri, na mvumo wa mvuke ulikuwa umekoma bila mtu kuhisi ulikoma lini. Akazungusha usukani. Mlango ukafunguka kimya kama wa kabati.

"Na aliichukua?" mkuu wa mafunzo akauliza.

"Bosi, utapita vipi nayo?" fundi akasema. "Si mlango umeshajengwa?"

Mkuu wa mafunzo akaandika kwenye karatasi yake, akaitia sahihi, akampa mkuu wa wauguzi naye akatia yake. Kozi ingebaki na mwalimu wake. Wanagenzi wangesoma kwa zamu, na yeye angekaa pale pale karibu na kitoroli, na kijiko chake, mpaka daktari amfungulie koo. Shangazi aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya mfuko wa koti.

Mkuu wa mafunzo alinishika bega wakati watu wakitoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili. "Kijana, kazi nzuri. Ile makro yako nitaitaka kwa idara nyingine. Jambo moja tu. Nakala ya kupeleka makao makuu iwe safi. Vile vya mabano, utaviondoa. Si unaweza kwa mara moja?"

"Naweza kwa sekunde kumi na moja," nikasema.

Ko, ko, ko.

Shangazi alikuwa bado ameketi, kijiko juu ya kitoroli. Nikaenda. Akageuza ubao niuone. Alikuwa ameandika kabla hata mkuu wa mafunzo hajamaliza kusema: JUMATANO ULISEMA SAWA.

Twiga alikuwa akitoa makasi kwenye mashine, moja moja, kwa koleo. Fundi alisimama mlangoni. Mkuu wa mafunzo alikuwa akingoja jibu lake na Shangazi akingoja lake. Nikapandisha sauti ili kila aliyemo chumbani asikie, na mkuu wa mafunzo kuliko wote.

"Shangazi, sitaondoa hata bano moja, wala kwa makao makuu, wala kwa mtu mwingine yeyote. Na kila nitakapokitoa kitabu hiki upya, nitakuja kukusomea mpaka ukurasa wa mwisho, na hakitachapwa mpaka ugonge mara mbili."